Daftari Ndilo Huamua: Vituo vya Kulelea Watoto na Msimu wa Ushuru nchini Kenya

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za mitaani Nairobi, Nakuru na Mombasa hujaa watu wanaotaka kufanyiwa ritani za ushuru kabla ya usiku wa tarehe 30. Miongoni mwao wamo wanawake wanaoendesha vituo vya kulelea watoto wadogo, wale wanaopokea watoto alfajiri mama zao wakielekea viwandani, sokoni au kwenye kazi za nyumba, na kuwarudisha jioni wakiwa wameshiba na wameogeshwa. Wengi hufika na PIN na nywila tu. Kijana wa saiba huuliza, "Mama, mwaka jana uliingiza pesa ngapi?" Jibu husakwa kichwani. Likikosekana, mara nyingi anajaza kwamba hakukuwa na mapato yoyote, anapokea ada yake na kumwita anayefuata kwenye foleni.

Hayo hayaletwi na uvivu wala ujanja. Mwenye kituo ni mlezi, mpishi, mnunuzi, mwajiri na mkusanya karo kwa wakati mmoja, na hesabu huja baada ya mtoto wa mwisho kuchukuliwa. Lakini ushuru wake hauamuliwi Juni. Huamuliwa kila siku anaponunua maziwa, anapopokea karo kwa simu na anapomlipa msaidizi wake. Kituo kilekile, chenye watoto walewale na faida ileile, kinaweza kudaiwa shilingi 3,000, shilingi 43,200 au shilingi 88,600 kwa mwaka. Kinacholeta tofauti hiyo ni kumbukumbu za matumizi. Uchambuzi huu unaeleza kwa nini hali iko hivyo, na namna ya kujipanga ili jasho la mlezi lisipotee kwa kukosa karatasi.

Uko katika kundi gani?

Kabla ya kununua daftari, mwenye kituo anapaswa kujua sheria inamweka wapi. Kwa biashara ya mtu binafsi yako makundi mawili makuu, na mpaka wake ni shilingi milioni moja za mapato ghafi kwa mwaka, yaani pesa zote zilizoingia kabla ya kutoa gharama.

Kundi la kwanza ni la wasiofika milioni moja. Vituo vingi vya mitaa ya mabanda kama Mathare, Kibera na Mukuru vimo humu. Kituo chenye watoto 15 wanaolipiwa shilingi 100 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, huingiza shilingi 396,000 kwa mwaka. Mwenye kituo kama hicho hutozwa ushuru wa kawaida wa mapato, na hutozwa juu ya faida peke yake. Shilingi 288,000 za kwanza za faida hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 28,800. Kila mkaazi wa Kenya ana nafuu ya binafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka, kwa hiyo deni hilo lote hufutika. Mwenye faida isiyozidi shilingi 288,000 halipi hata senti moja ya ushuru wa mapato.

Hata hivyo, kutolipa hakumwondolei wajibu wa kuwasilisha ritani. Hapa ndipo ile ritani ya "hakuna mapato" inapomponza. Kuijaza ni kutamka mbele ya Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) kwamba hukupata chochote, ilhali M-Pesa yako inaonyesha karo ikiingia kila wiki. Ukijaza mapato yako ya kweli na gharama zako za kweli, jibu linaweza kuwa sifuri hiyohiyo, lakini ni sifuri iliyo na maelezo. Anayekosa kuwasilisha kabisa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Kwa kituo cha shilingi 100 kwa siku, hiyo ni karo ya watoto 20 kwa siku nzima, imetoka kwa mtu ambaye hakuwa na deni.

Kundi la pili ni la wanaoingiza zaidi ya milioni moja lakini wasiozidi milioni 25. Hawa huangukia ushuru wa mapato ghafi, unaojulikana kwa kifupi TOT. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3 ya pesa zote zilizoingia. Huwasilishwa na kulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishalipwa umeisha. Urahisi wake ni kwamba hakuna anayekuuliza unga ulinunua wapi. Ugumu wake ni kwamba hakuna anayejali pia. Kituo kikipata hasara, asilimia 3 inadaiwa vilevile.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba TOT si kifungo. Sheria inamruhusu aliye katika kundi hilo kumwandikia Kamishna na kuchagua kutozwa ushuru wa kawaida juu ya faida. TOT pia haihusu ada za kitaaluma, za usimamizi wala za mafunzo, kwa hiyo mwenye kituo kilichochanganya ulezi na masomo rasmi anafaa kuuliza ofisi ya KRA mapema mapato yake yanaingia wapi. Anayelea watoto na kuwalisha tu ana uamuzi wa kufanya, na uamuzi huo unahitaji hesabu.

Hesabu ya kituo kimoja

Tuchukue kituo cha kubuni mtaani Pipeline, Nairobi. Kina watoto 30, kila mmoja akilipiwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Kinaingiza shilingi 120,000 kwa mwezi, au 1,440,000 kwa mwaka.

Matumizi yake ya mwezi ni haya. Kodi ya nyumba ni shilingi 20,000. Walezi wawili hulipwa shilingi 17,000 kila mmoja, jumla 34,000. Michango ya mwajiri kwa ajili yao ni 2,550. Chakula, yaani unga wa uji, maziwa, maharagwe, mchele, mboga na matunda, ni 25,000. Maji, stima na gesi ni 8,000. Sabuni, dawa ya kusafishia, vitu vya kuchezea na mambo madogo madogo ni 5,450. Jumla ni shilingi 95,000. Mwenye kituo anabaki na 25,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 300,000 kwa mwaka.

Akikaa kwenye TOT, atalipa asilimia 3 ya 1,440,000, yaani shilingi 43,200. Kati ya kila shilingi 100 za faida yake, zaidi ya 14 zinakwenda kwa ushuru.

Akichagua ushuru wa kawaida na awe na ushahidi wa matumizi yote, atatozwa juu ya shilingi 300,000. Shilingi 288,000 za kwanza huzaa ushuru wa 28,800, na 12,000 zilizobaki hutozwa asilimia 25, yaani 3,000. Toa nafuu ya 28,800. Anadaiwa shilingi 3,000 kwa mwaka mzima.

Sasa achague ushuru wa kawaida lakini akose ushahidi wa chakula peke yake. Shilingi 300,000 alizotumia kuwalisha watoto kwa mwaka zinakataliwa. Machoni pa sheria faida yake si 300,000 tena bali 600,000. Shilingi 288,000 za kwanza huzaa 28,800, shilingi 100,000 zinazofuata huzaa 25,000, na 212,000 zilizobaki hutozwa asilimia 30, yaani 63,600. Baada ya nafuu anadaiwa 88,600. Akikosa pia ankara za kodi ya nyumba, deni linafika 160,600, zaidi ya nusu ya faida yake halisi.

Mpaka kati ya njia hizi mbili unaweza kupigiwa hesabu. Kwa kituo hiki, ushuru wa kawaida unalingana na TOT faida inayokubalika ikiwa karibu shilingi 449,000. Ushahidi wake ukishusha faida chini ya hapo, ushuru wa kawaida una nafuu. Ukishindwa, TOT ina nafuu. Kwa maneno mengine, kati ya shilingi 1,140,000 anazotumia, anahitaji kuthibitisha karibu 991,000. Asiyejua kama anaweza kuzithibitisha hawezi kuchagua, na asiyeweza kuchagua hulipa anachopangiwa.

Basi ushauri wa jumla kwamba "TOT ni bora" au "TOT ni mbaya" hauna maana mpaka tuone daftari la kituo chenyewe.

Chakula cha watoto na ankara ya eTIMS

Gharama kubwa ya kituo cha watoto, ukiondoa mishahara, huwa ni chakula. Na chakula ndicho kigumu zaidi kuthibitisha. Sukuma wiki hutoka kwa mama mboga, maziwa kwa muuzaji wa mtaani, maharagwe kwa debe sokoni. Hakuna risiti, na ikiwepo ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu.

Zamani karatasi hiyo ingeweza kutetewa. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa ushuru. Mishahara haimo katika sharti hilo, na hiyo ni nafuu kubwa kwa vituo vya watoto kwa sababu mishahara ni sehemu kubwa ya matumizi yao. Chakula, sabuni, gesi, matengenezo na kodi ya nyumba vimo.

Mwenye kituo ana njia tatu, na zote anaweza kuzitumia kwa pamoja. Ya kwanza ni kuhamisha ununuzi mkubwa. Unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni na nepi vinaweza kununuliwa mara moja kwa mwezi katika duka la jumla au supamaketi inayotoa ankara ya eTIMS, mnunuzi akitaja PIN yake kabla ya kulipa. Akisahau kuitaja, ankara hutoka bila jina lake na inapoteza nguvu.

Ya pili inawahusu wauzaji wadogo. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza mwishoni mwa Desemba 2024 yanasema kwamba muuzaji mdogo au mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni tano kwa mwaka halazimiki kuanzisha ankara. Mnunuzi ndiye anayeitoa kwa niaba yake kupitia eTIMS. Hili ni jambo jema kwa vituo vya watoto, kwa sababu linamwezesha mlezi kuendelea kununua kwa mama mboga wake bila kupoteza gharama hiyo. Lakini linahitaji mazungumzo. Mama mboga anayeombwa PIN hudhani anaripotiwa. Ni juu ya mnunuzi kumweleza kwa upole kwamba anayeuza kidogo, kama tulivyoona, huenda asidaiwe chochote, na kwamba biashara yenye kumbukumbu hupata mkopo kwa urahisi zaidi.

Ya tatu ni kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya kusaini mkataba wala si baada ya mwaka kuisha. Kodi ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka, na tumeona kwamba kukosa ankara zake, juu ya zile za chakula, kunaongeza ushuru kwa shilingi 72,000. Chumba cha shilingi 22,000 chenye ankara kinaweza kuwa na nafuu kuliko cha 20,000 kisicho nayo.

Yako pia matumizi yasiyokubaliwa hata yakiwa na ankara. Sheria ya Ushuru wa Mapato inakubali gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato tu. Chakula ambacho familia ya mwenye kituo hula jioni kutoka sufuria ileile si gharama ya biashara. Pesa anazochukua kujilipa si gharama vilevile, kwani faida yote ni yake tayari. Vitanda, meza na friji hazitolewi mara moja bali kwa sehemu kila mwaka, kwa viwango vya sheria. Anayelea watoto sebuleni kwake hana budi kutenganisha kwa haki sehemu ya nyumba na stima inayotumiwa na kituo, na kuandika alivyofikia kiwango hicho. Anayedai nyumba nzima hukaribisha maswali, na asiyedai chochote hujidhulumu.

Pesa zinazoingia

Tatizo la upande wa mapato ni mchanganyiko. Karo huingia kwenye nambari ileile ya simu inayopokea pesa za chama, mchango wa mazishi na shilingi alizotuma kaka aliye Mombasa. Mwisho wa mwaka taarifa ya M-Pesa inaonyesha shilingi milioni mbili, ilhali kituo kiliingiza 1,440,000. Afisa wa ushuru anayekadiria mapato kwa kuangalia pesa zilizoingia benki na kwenye simu ana haki ya kuuliza, na mwenye kituo ndiye anayedaiwa maelezo.

Dawa yake ni kutenganisha. Nambari ya till au Pochi la Biashara kwa ajili ya karo peke yake huondoa sehemu kubwa ya utata huo. Wazazi wanaolipa taslimu wapewe risiti yenye nambari kutoka kitabu chenye nakala, na pesa hizo ziwekwe kwenye akaunti ya biashara kabla ya kutumiwa. Mwenye kituo akitaka pesa za nyumbani, azihamishe kutoka biashara kwenda kwake mara moja kwa wiki au mwezi, akiandika kwamba ni za matumizi binafsi.

Kituo cha watoto kina chombo ambacho duka la nguo halina, nacho ni rejista ya mahudhurio. Kila asubuhi mlezi huandika nani amefika, kwa usalama wa watoto. Rejista hiyo ikizidishwa kwa karo hutoa kiasi kilichopaswa kuingia mwezi huo. Ukilinganisha na kilichoingia kwenye till na kwenye kitabu cha risiti, pengo linaonyesha mambo mawili: nani ana deni, na wapi pesa hazikuandikwa. Vilevile rejista inaeleza kwa nini mapato ya Aprili, Agosti na Desemba yalibadilika, likizo za shule zinapoleta watoto wapya au kuwaondoa wengine waliopelekwa kwa nyanya mashambani. Hayo ni maelezo ambayo hakuna mtu angeyakumbuka Juni ya mwaka unaofuata.

Kuhusu namna ya kuandika, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa lugha rasmi yoyote kati ya mbili za nchi, na zihifadhiwe kwa miaka mitano. Kiswahili ni mojawapo. Daftari lililoandikwa "maziwa lita 10", "nauli ya sokoni", "karo ya wiki" ni kumbukumbu halali kisheria. Hakuna anayelazimika kungoja mhasibu au kompyuta ili aanze. Kinachotakiwa ni kwamba mtu mwingine akilisoma aweze kuona ushuru ulivyofikiwa: tarehe, kiasi, kilichonunuliwa, aliyeuza, na nambari ya ankara.

Walezi ni waajiriwa

Vituo vingi huwaita wasaidizi "dada" au "auntie", na huwalipa kwa mkono mwisho wa mwezi. Sheria huwaita waajiriwa. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kundi la vibarua, ambalo linawataja yaya wa watoto, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika majiji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Kwa mlezi anayelipwa 17,000, ushuru wa mshahara (PAYE) ni sifuri, kwa sababu shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hufunikwa na nafuu ya binafsi. Lakini makato mengine yapo. Mfuko wa afya wa SHIF huchukua asilimia 2.75, yaani shilingi 467.50. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5 kutoka kwa mlezi na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF huchukua asilimia 6 kwa kila upande. Yote hupelekwa mwanzoni mwa mwezi unaofuata, na tarehe ya kuzingatia ni 9.

Wenye vituo huona makato haya kama mzigo, na mzigo upo: katika mfano wetu mwajiri hutoa shilingi 2,550 za ziada kwa mwezi. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Mishahara na michango ya mwajiri ni shilingi 438,600 kwa mwaka, na zote hazihitaji ankara ya eTIMS ili kukubaliwa. Zinahitaji orodha ya mishahara, mkataba na uthibitisho wa malipo. Mwenye kituo anayewaficha wafanyakazi wake kuokoa 2,550 anapoteza ushahidi wa zaidi ya theluthi ya matumizi yake yote. Na kuna jambo zito kuliko ushuru: mwanamke anayebeba watoto wa wenzake kutwa anastahili kutibiwa akiugua na kuwa na akiba akizeeka.

Kalenda ya mwaka mzima

Mwaka wa ushuru wa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba, na ukiupanga vizuri, Juni inakuwa mwezi wa kawaida. Kila jioni, dakika chache za kuandika kilichoingia na kilichotoka. Kila mwisho wa wiki, picha za ankara zote zihifadhiwe kwenye simu na nakala mahali pengine, kwa sababu wino wa risiti za mashine hufifia kabla ya miaka mitano kuisha. Kila tarehe 9, makato ya walezi. Kila tarehe 20, TOT kwa walio nayo.

Walio kwenye ushuru wa kawaida na wanaotarajia kudaiwa zaidi ya shilingi 40,000 kwa mwaka hulipa kwa awamu: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Salio la mwaka uliopita hulipwa kufikia Aprili 30. Kwa hiyo anayengoja Juni 30 ili ajue anadaiwa nini amechelewa kulipa kwa miezi miwili, na riba imeanza. Januari, kituo kinapofungua na karo mpya kutangazwa, ndio wakati wa kujumlisha mwaka uliopita, kupiga hesabu ya njia zote mbili, na kuamua kama TOT inafaa au inafaa kuachwa. Aliyefunga vitabu vyake Januari anaweza kufanyiwa ritani Februari, saiba ikiwa tupu na kijana ana muda wa kusikiliza.

Hofu yenye sababu

Mwenye kituo anaweza kuuliza: kwa nini nijianike? Kituo changu hakijawahi kuulizwa chochote, na wanaojiandikisha ndio wanaosumbuliwa. Hofu hiyo ina mizizi. Vituo hivi hudaiwa leseni ya biashara ya kaunti na ukaguzi wa afya, na Nairobi ina sheria yake ya vituo vya watoto tangu 2017. Kila mlango unaogongwa una ada.

Ni kweli pia kwamba mfumo wenyewe haujamfikiria mlezi vya kutosha. Hesabu ya Pipeline imeonyesha kwamba anayeadhibiwa zaidi ni yule anayenunua chakula kibichi kwa wauzaji wadogo, yaani yule anayewalisha watoto mboga za leo badala ya vyakula vya pakiti vyenye ankara. Hilo si lengo la sheria, lakini ndilo tokeo lake. Serikali inayosema inajali makuzi ya watoto ingeweza kuweka kiwango maalumu cha gharama ya chakula kwa kila mtoto kwa siku, kinachokubaliwa kwa kuonyesha rejista ya mahudhurio peke yake. Marekani hufanya hivyo kwa walezi wanaolea watoto majumbani: mamlaka ya ushuru hutangaza kiwango cha kila mlo, na mlezi huonyesha watoto waliokula badala ya risiti za sokoni. Hapa kwetu rejista ipo tayari, kinachokosekana ni kifungu cha sheria.

Majirani zetu pia wameonyesha kwamba kumbukumbu zinaweza kupewa thamani waziwazi. Nchini Tanzania, viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa 2019 vilimtoza mwenye mauzo kati ya shilingi milioni nne na milioni saba za nchi hiyo shilingi 100,000 akikosa kumbukumbu, na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni nne akiwa nazo. Aliyeuza milioni tano aliweza kulipa 30,000 badala ya 100,000 kwa sababu ya daftari. Kenya hutoa zawadi hiyohiyo, ila imeificha ndani ya uchaguzi kati ya TOT na ushuru wa kawaida, ambamo mlezi wa Pipeline hawezi kuiona bila kusaidiwa.

Msaada huo unaweza kutoka karibu. Wenye vituo vitano au sita wa mtaa mmoja wakiungana kama chama, wanaweza kumlipa mhasibu mmoja kwa siku moja ya Januari, kununua unga na sabuni kwa jumla kila mmoja akipewa ankara yenye PIN yake, na kufundishana namna ya kutoa ankara kwa niaba ya mama mboga. Vyama vya akina mama vimejenga nyumba na kusomesha watoto nchini humu, basi kutunza hesabu za vituo hakuwashindi.

Kwa mwenye kituo anayetaka kuanza kesho, mambo manne yanatosha: nambari ya biashara iliyo tofauti na ya nyumbani, daftari moja la kila siku kwa Kiswahili, PIN inayotajwa kila anaponunua, na mkataba ulioandikwa na kila mlezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza ataona jambo ambalo si la KRA hata kidogo: kila mtoto anamgharimu kiasi gani, na kama karo anayotoza inamtosha. Walezi wengi hutoza chini ya gharama bila kujua, wakijaza pengo kwa pesa za nyumba zao. Daftari litakalompunguzia ushuru kutoka 43,200 hadi 3,000 ndilo litakalompa ushahidi wa kuwaambia wazazi, kwa heshima na kwa takwimu, kwamba malezi ya watoto wao yana bei.